Inchi si bure: TV za 1937 zilijua ukweli ambao muuzaji wa projekta hakuambii

Wasee, kuna uongo unauzwa sana siku hizi, na unauzwa kwa inchi.

Unafungua simu, unakutana na projekta ndogo saizi ya nusu mkate. Tangazo linasema itakupa picha ya inchi 150. Linasema "lumeni 9,000". Kwenye picha ya tangazo dirisha liko wazi, jua limejaa sebuleni, na sinema iko ukutani inang'aa kuliko hilo jua. Bei nayo ni ile ya kukufanya useme, manze, kwa nini bado kuna watu wananunua TV? Chini yake komenti ni "bei ya mwisho?" na "delivari hadi Juja?"

Maoni yangu ni haya: mtu akikuuzia ukubwa bila kukutajia mwanga, anakuficha nusu ya bei. Na ushahidi wangu sitautoa kwa video ya majaribio ya wiki jana. Nautoa London, mwaka wa 1937, kwa TV ambazo wengi hawajui hata kama ziliwahi kuwepo.

Ndio, 1937. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kulikuwa na TV za projekta za nyumbani. Na si projekta ya kurusha picha ukutani kama sinema. Hizi zilikuwa kabati moja zima, mtambo umefichwa ndani, picha inarushwa kutoka nyuma ya skrini, wewe umekaa mbele unaiona. Kampuni ya Philips ilionyesha moja London mwaka huo. Picha yake ilikuwa karibu sentimita 50 kwa 40, yaani kama inchi 25 kona hadi kona. Pima skrini ya laptopu yako halafu urudi tuongee.

Turudi nyuma kidogo ndio hesabu ieleweke.

BBC ilianza huduma yake ya kawaida ya televisheni tarehe 2 Novemba 1936, kutoka jumba la Alexandra Palace kaskazini mwa London. Mwanzoni walikuwa wanabadilishana mifumo miwili: wa John Logie Baird wenye mistari 240, na wa Marconi-EMI wenye mistari 405. Mapema 1937 ule wa Baird ukaachwa, mistari 405 ikabaki. Tarehe 12 Mei 1937 waliotoka na kamera nje wakaonyesha msafara wa kutawazwa kwa Mfalme George VI. Wenye seti walikuwa wachache sana. Hata vita vilipoanza miaka miwili baadaye, makadirio ya seti zote Uingereza ni kama 20,000 tu.

Seti nyingi kati ya hizo zilikuwa na picha ndogo. Inchi 7, 9, 10, ukiwa na pesa za kutosha inchi 12. Na hapa ndipo watu wa intaneti hupenda kucheka: kabati kubwa kama la nguo, picha ndogo kama kitabu. Lakini ile haikuwa ushamba. Ilikuwa fizikia.

Kama kwa shosho kulikuwa na TV ya kisogo kikubwa, basi unaijua tyubu. Ni chupa ya glasi iliyotolewa hewa yote ndani. Nyuma kuna kitu kinachorusha elektroni, mbele kuna unga unaong'aa elektroni zikiugonga. Shida ni kwamba ukitoa hewa ndani, hewa ya nje inaanza kuisukuma glasi, karibu kilo moja kwa kila sentimita mraba. Chukua uso wa duara wa inchi 12, upana wa sentimita 30. Eneo lake ni kama sentimita mraba 700. Kwa hivyo uso huo umebeba karibu kilo 700, kama watu wazima kumi wamesimama juu ya sahani moja ya glasi. Ongeza ukubwa, unaongeza mzigo, unaongeza unene wa glasi, na ikipasuka inalipuka vipande sebuleni.

Halafu tyubu za wakati ule zilikuwa ndefu sana kwa sababu elektroni hazingeweza kupindwa kwa pembe kubwa. Kulaza tyubu kungefanya TV itoke ukutani hadi katikati ya chumba. Ndio maana seti nyingi za bei ghali zilisimamisha tyubu wima, uso ukiangalia dari, na kioo kikawekwa kwenye kifuniko cha kabati. Ulikuwa huangalii TV moja kwa moja, ulikuwa unaangalia taswira yake kwenye kioo. Hata RCA TRK-12 ya Marekani, iliyotoka wakati wa maonyesho makubwa ya New York ya 1939, ilifanya hivyo, na ilikuwa dola 600. Dola 600 za 1939, si za leo.

Kwa hivyo mhandisi wa wakati ule alikuwa na swali moja gumu: nitaipatia familia picha kubwa vipi bila kuwawekea bomu la glasi sebuleni?

Jibu la Philips lilikuwa safi. Usitengeneze tyubu kubwa. Tengeneza tyubu ndogo, kama inchi 4, ambayo uso wake unabeba kilo kama 80 tu. Weka picha ndogo kali hapo. Kisha tumia lenzi kuikuza na kuirusha kwenye skrini ya glasi yenye ukungu, ile aina ya glasi ya dirisha la bafu. Mtambo unakaa nyuma ya skrini, ndani ya kabati. Hakuna mtu atapita mbele ya mwanga aweke kivuli cha kichwa chake kwenye sinema. Hakuna ukuta wa kupaka rangi. Unawasha, unakaa.

Kwenye karatasi, umemaliza mchezo. Lakini hapo ndipo deni linakuja.

Mwanga hauzaliani. Ukichukua picha ukaikuza mara 5 kwa upana na mara 5 kwa urefu, eneo lake ni mara 25. Mwanga ni ule ule, sasa umegawanywa kwa eneo mara 25. Ni kama kuchukua chai ya kikombe kimoja uigawie watu 25. Kila mtu atapata, lakini hakuna atakayesema amekunywa chai.

Na hiyo ni kabla ya lenzi kukata yake. Unga wa tyubu unang'aa pande zote, kama taa isiyo na kofia. Lenzi inashika tu ule mwanga unaoelekea kwake. Hata lenzi nzuri sana ya wakati ule ingeshika chini ya sehemu 10 kati ya 100. Zingine zinapotelea ndani ya kabati. Kwa hivyo una kikombe kimoja cha chai, umemwaga zaidi ya asilimia 90 sakafuni, kilichobaki ndio unagawia watu 25.

Hawa watu walifanya nini? Walilipa deni. Seti za kawaida zilitumia volti elfu chache kusukuma elektroni. Tyubu ya projekta ilisukumwa kwa volti zaidi ya 20,000, ili ile picha ya saizi ya kiganja iwe kali kiasi kwamba hungetaka kuitazama moja kwa moja kwa muda. Na kila volti ilikuja na bili yake. Umeme wa kiwango hicho unataka kuruka cheche kwenda kwa chuma chochote kilicho karibu. Unavuta vumbi kama sumaku. Unga unaungua na kuchoka, kwa hivyo maisha ya tyubu yanakuwa mafupi. Elektroni zikigonga kwa nguvu hiyo zinatoa pia eksirei hafifu, kwa hivyo lazima ufikirie kinga. Na baada ya yote hayo, picha bado ilikuwa inapendelea chumba chenye giza.

Sasa kuna msee atasema: si basi walifeli? Mbona unawasifu?

Ngoja, sijamaliza. Kuna timu nyingine London ambayo iliangalia hesabu hiyo hiyo ikapata jibu ambalo kwangu ni noma kuliko yote. Kampuni iliitwa Scophony, ikaanzishwa na Solomon Sagall, na mawazo makuu ya mitambo yakitoka kwa G. W. Walton. Wao walisema: kwa nini tunailazimisha tyubu iwe taa na picha kwa wakati mmoja? Tenganisha. Taa iwe taa, kali kadiri unavyotaka. Picha iwe mlango tu, unaofunguka na kufunga mbele ya taa.

Mlango wenyewe ulikuwa kisanduku cha kimiminika, kilichobuniwa na J. H. Jeffree mwaka wa 1934. Ishara ya TV inatikisa kipande cha kwatsi kwa kasi ambayo sikio halisikii, mawimbi yanasafiri ndani ya kimiminika, na mwanga unaopita humo unapindwa kulingana na nguvu ya wimbi. Wimbi kubwa, mwanga mwingi unafika skrini. Wimbi dogo, kidogo. Na kwa sababu mawimbi yanachukua muda kuvuka kisanduku, ndani yake kuna nukta nyingi za picha kwa pamoja, si moja moja. Halafu kioo kinachozunguka kinafuata mwendo wa mawimbi kinyume, ndio picha itulie kwenye skrini badala ya kukimbia.

Kioo hicho kilizunguka kwa kasi gani? Tufanye hesabu pamoja. Mistari 405, picha 25 kwa sekunde, hiyo ni mistari 10,125 kila sekunde. Kioo kina nyuso 20, kila uso unachora mstari mmoja. Gawanya: mizunguko 506 na robo kwa sekunde. Kwa dakika ni 30,375. Injini ya gari la kawaida ikifika mizunguko 6,000 kwa dakika tayari inapiga kelele ya kuomba msamaha. Hawa walikuwa na kioo cha mizunguko elfu thelathini ndani ya kabati la sebuleni, na 1938 walikuwa wameshaonyesha seti ya nyumbani.

Unaweza kucheka kile kioo. Mimi mwenyewe nisingependa kulala chumba kimoja nacho. Lakini usicheke wazo. Taa kali upande mmoja, mlango wa picha upande mwingine: hivyo ndivyo projekta za leo zinavyofanya kazi. Ile projekta ya darasani, ile ya kanisani, ile ya kibanda cha mpira mtaani, zote zina chanzo cha mwanga kisicho na picha yoyote ndani yake, na kitu kidogo mbele yake kinachoamua ni mwanga gani upite. Mitambo imebadilika, hoja haijabadilika.

Na kiu yenyewe ya picha kubwa haikuwa ya kujionyesha. Tarehe 23 Februari 1939, pambano la ndondi kati ya Eric Boon na Arthur Danahar lilirushwa moja kwa moja hadi kwenye kumbi za sinema London, kwa mitambo ya Baird na ya Scophony. Watu walilipa kiingilio kutazama ndondi inayofanyika mahali pengine dakika hiyo hiyo. Ukiwahi kulipa kiingilio kibandani siku ya fainali huhitaji kuelezewa kwa nini. Mchezo mkubwa unataka watu wengi, na watu wengi hawatoshi mbele ya inchi 9.

Halafu vita. Tarehe 1 Septemba 1939 BBC ilizima televisheni, na haikuwashwa tena hadi 7 Juni 1946. Hakuna matangazo, hakuna sababu ya kununua seti. Wahandisi wa picha wakaenda kwa rada. Hata kutoka Scophony kulitokea tyubu inayoitwa Skiatron, kazi ya A. H. Rosenthal, ambayo badala ya kung'aa ilikuwa inaacha alama nyeusi, na taa ya nje ndiyo inarusha picha. Ilitumika kwenye rada za Uingereza. Ona wazo ni lile lile: taa huku, picha kule.

Baada ya vita, deni la mwanga likapunguzwa kwa njia iliyotoka kwa wataalamu wa nyota. Bernhard Schmidt, fundi wa vioo aliyepoteza mkono wa kulia akiwa kijana na bado akasugua vioo kwa mkono mmoja, alitengeneza mwaka wa 1930 huko Hamburg kamera ya nyota inayokusanya mwanga kwa kioo kilichojipinda na glasi nyembamba ya kusahihisha. Schmidt alikufa 1935, hakuona TV yoyote ikitumia wazo lake. Lakini RCA wakaligeuza: badala ya kuleta mwanga wa nyota ndani, likatoa mwanga wa tyubu nje, kwa ufanisi mkubwa kuliko lenzi. Philips nao wakafanya hivyo kwa katyubu ka sentimita 6 na volti 25,000. Halafu tyubu za kawaida zikakua, glasi ikawa bora, pembe zikawa pana, na kwa sebule nyingi projekta ikakosa kazi kwa muda. Ilirudi baadaye, ikauzwa Marekani kwa miaka mingi, hadi skrini bapa zikaimaliza. Mitsubishi, wa mwisho kati ya majina makubwa, waliacha mwishoni mwa 2012.

Sasa turudi kwa hilo tangazo kwenye simu yako.

Sisemi watu wa 1937 walikuwa malaika. Walikuwa na bidhaa ya kuuza kama mtu yeyote. Ninachosema ni kwamba deni lilikuwa linaonekana kwenye mashine yenyewe. Ukifungua kabati unaona volti, unaona lenzi nzito, unaona gharama ya kila inchi. Leo deni limefichwa ndani ya neno moja: lumeni.

Kuna lumeni za aina mbili zinazozunguka sokoni, na hapo ndipo pesa yako inapoenda. Moja ni mwanga wa taa yenyewe kabla haujapita popote, au wakati mwingine ni namba tu mtu ameandika kwa boksi. Nyingine ni lumeni za ANSI, zinazopimwa pale picha inapotua, kwenye sehemu tisa za skrini, kisha wastani unachukuliwa. Ya kwanza ni chai kabla ya kumwagika sakafuni. Ya pili ni chai iliyofika mezani. Muuzaji akikutajia elfu tisa bila kusema ni za wapi, anakuhesabia ile ya sakafuni.

Na inchi nazo ni mchezo huo huo. Projekta yoyote inaweza kutoa inchi 150. Isogeze nyuma tu. Hata tochi ya simu inaweza kuangaza jengo zima, swali ni kama utaona kitu. Ukitoka inchi 50 ukaenda inchi 100, eneo ni mara nne, kwa hivyo kila sehemu ya picha inapata robo ya mwanga. Inchi 100 ina eneo karibu mara 10 ya TV ya inchi 32. Kama mashine haina mwanga wa kulipia hilo eneo, hujanunua sinema, umenunua ukungu mkubwa.

Najua jibu litakuja kwa komenti: "Buda, wacha watu wafurahie. Si kila mtu ana doh ya TV kubwa. Usiku kwa bedsita inaonekana fiti." Na hapo tunakubaliana kabisa. Kama unatazama usiku, pazia limefungwa, picha ya inchi 50 au 60, projekta ndogo inaweza kukufaa sana, na wasee watano wakatosha mbele yake kuliko mbele ya laptopu. Giza ni njia halali ya kulipa deni. Watu wa 1937 walilitumia pia. Ninachopinga ni kuuziwa mchana kwa bei ya usiku. Ninachopinga ni mwanafunzi aliyechanga pesa za miezi mitatu aambiwe atatazama mechi ya saa nane mchana na dirisha wazi, halafu akifika nyumbani anaona wachezaji kama mizimu.

Na usiseme "ni teknolojia mpya, hayo ya zamani hayahusiki." Taa za leo ni bora mara nyingi, hilo sibishi. Lakini hakuna mwaka ambao eneo liliacha kugawanya mwanga.

Kwa hivyo kabla hujatuma pesa, uliza mambo matatu. Lumeni za ANSI ni ngapi? Akikataa kujibu, hilo ni jibu. Inchi ngapi kwa mwanga huo, na si inchi ngapi kwa jumla? Na mwisho, mwambie aiwashe dukani mchana, taa zikiwa zimewashwa, mlango ukiwa wazi, wewe ukiwa umesimama hatua tatu nyuma. Akianza kutafuta pazia, weka simu mfukoni, kaa na pesa yako.